Shangazi Akisimama, Msimpige

Tumaini na Devota, nyinyi mlioachiwa kazi yangu, nimeuona mjeledi mpya mlioutundika kwenye msumari wa tandiko la Shangazi. Niliuona juzi nilipokuja kuchukua mabuti yangu. Sikusema kitu, kwa sababu nikianza kusema na hasira huwa simalizi, na Faraja alikuwa ananivuta sketi anataka kwenda kuona ndama. Kwa hiyo naandika. Someni wakati wa chai, mkimaliza uondoeni huo mjeledi, tuendelee kuwa ndugu.

Pale sokoni Mjimwema wananicheka nikisema nimestaafu. Mama mmoja muuza viazi aliniuliza, "Umestaafu na meno yote hayo mdomoni?" Nikamwambia mtu akiacha kazi kwa sababu mwili umekataa, wala hakufukuzwa, huyo amestaafu, hata kama mtoto wake hajaanza shule. Akaniongezea viazi viwili vya pole. Nilivichukua.

Nilianza kazi pale shambani nikiwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, na kazi yenyewe ilikuwa kupima maziwa. Farasi nilikuwa nawaona kwa mbali kwenye ukungu, vichwa tu, kama watu warefu wanaosikiliza maneno yasiyowahusu. Siku mtu aliyekuwa akisafisha mabanda yao alipoondoka bila kuaga, meneja alinionyesha kidole: "Wewe, binti. Nenda kwa Mgaya." Hakuniuliza kama naogopa. Naogopa. Nilikuwa naogopa siku ile na niliogopa mpaka siku ya mwisho, na wale wanaokwambia "acha woga, farasi anausikia" ningependa waniambie woga unaachwa wapi, maana sijaona pa kuutundika.

Kaka Mgaya mnamjua kwa jina tu. Ndiye aliyekuwa mkuu wa farasi, mfupi, mkorofi wa maneno, mikono kama mbao. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya jike mmoja wa kijivu akaniambia nisifanye chochote. Jike yule alininusa, akaning'oa kilemba, akakitafuna kidogo, akakidondosha matopeni.

"Huyu anaitwa Shangazi," Mgaya akasema. "Umeelewa kwa nini?"

"Nimeelewa."

"Basi okota nguo yako na umheshimu."

Kazi yenyewe alinifundisha kwa vitu vidogo. Kwato zichokolewe kuanzia kisigino kwenda mbele, kamwe si kinyume. Blanketi la chini ya tandiko likunjuliwe juani, na kama hakuna jua, na kwetu mara nyingi hakuna, lipigwe mpaka mkono uchoke. Lijamu la chuma mwezi wa sita linaganda kama limetoka kwenye friji. Liwekeni kwapani wakati mnampiga brashi, ndipo mlitie mdomoni mwake. Nimewaona nyinyi mkilitumbukiza hivyo hivyo na baridi yake. Jaribuni kulamba koleo asubuhi ya Julai, mtanielewa.

Sheria yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya barabarani. Kutoka mabandani mpaka josho la ng'ombe ni njia ya watu: akina mama wenye kuni, wenye majembe, wazee wanaotoka kanisani, waendesha bodaboda waliobeba magunia. Mgaya alisema mtu aliye juu ya farasi akimpita mtu wa miguu bila salamu, kijiji kizima kitajua kabla hajafika joshoni kwamba shamba lile lina watu wenye majivuno, na siku ng'ombe wetu wakiingia kwenye viazi vya mtu hakuna atakayetuonea huruma. "Wewe ndiye uko juu, kwa hiyo wewe ndiye uanze," aliniambia. "Simamisha farasi. Usisalimie huku unaondoka kama mgambo."

Kwa hiyo tulisimama. Kwa kila mtu. "Kamwene." "Kamwene." Habari za nyumbani, za watoto, za mahindi, mguu wa babu unaendeleaje. Mnajua salamu zetu, haziishi kwa neno moja. Ukiona aliye chini amesema "haya, asante," ndipo unabana miguu kidogo na farasi anaondoka. Safari ya joshoni ilituchukua muda mara mbili ya ilivyopaswa, na hakuna aliyelalamika isipokuwa meneja, ambaye hupita na gari akiwa amefunga vioo.

Halafu ukaja ule mchezo.

Meneja alikwenda kutembea huko Arusha akarudi na habari za mashindano ya farasi wa kazi. Sisi tulidhani ni mbio. Siyo mbio. Ni kazi ileile ya shambani, ila inafanywa mbele ya watu wenye kofia. Unafungua geti ukiwa juu ya farasi, unapita, unalifunga, na mkono hautoki kwenye geti hata mara moja. Unavuka daraja la mbao. Unazunguka mapipa. Unaingia kwenye kichochoro cha fito, unagonga kengele mwishoni, unatoka kinyumenyume bila kugusa fito. Unachukua ufito mrefu kutoka pipa moja unautia kwenye pipa jingine huku farasi anakimbia. Yote kwa mkono mmoja kwenye hatamu. Mwisho unamtenga ng'ombe mmoja kutoka kwa wenzake unampeleka zizini. Mgaya alisikiliza maelezo yote akauliza, "Kwa hiyo wanatupa kikombe kwa kufunga geti?"

Tulitengeneza uwanja kwa mabaki ya mbao za misonobari na mapipa ya mafuta. Shangazi alikataa daraja wiki nzima kwa sababu ya mlio wake, nami nikashinda pale juu ya zile mbao nimekaa, namenya viazi vya chakula cha mchana, mpaka akaona kama daraja linambeba mtu mwoga kuliko yeye basi halina neno. Geti alilielewa upesi. Nikiinama kushika kamba alikuwa anatulia kama ukuta. Nikisema kweli, kazini sijawahi kuwa na furaha kama ya miezi ile.

Kisha nikapata mimba, baba wa mtoto akapata safari za malori, na safari zake mpaka leo hazijaisha. Hayo yanatosha kuhusu yeye.

Mama yangu alitoka Bulongwa na begi moja na mfuko wa viazi, kana kwamba Njombe hakuna viazi, akaja kunilelea Faraja katika kachumba ketu cha wafanyakazi. Nilirudi kazini matiti yamejaa na roho juujuu. Kabla ya mtoto nilikuwa naogopa kuanguka kwa sababu inauma. Baada ya mtoto nilianza kuogopa kwa hesabu nyingine kabisa. Kila nikipanda nilikuwa najiuliza: nikivunjika shingo hapa, huyu atanyonya kwa nani? Mama akinyamaza kidogo tu kule nyumbani nilidhani kuna jambo. Akiimba nilidhani anaficha jambo.

Meneja akaleta wageni wa kwanza kutazama. Waamuzi wa majaribio, watatu, wakasimama kila mmoja karibu na kizuizi chake na karatasi mkononi. Niliingia na Shangazi. Tulipofika kwa mwamuzi wa kwanza, Shangazi akasimama. Nikabana miguu. Hakuna. Nikabana tena, nikatoa sauti, nikageuza hatamu. Alisimama masikio mbele, ametulia, kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Tuliondolewa uwanjani. Wageni walipokaa kunywa chai, nikampitisha kwenye vizuizi vyote bila kosa moja, na hakuna aliyekuwa anatazama.

Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mgaya alimkagua kwato, meno, mgongo. Mzima.

"Siyo farasi," meneja akasema mbele ya watu wote. "Ni mpandaji. Tangu uzae, mama Faraja, mnyama hakusikii. Mwili wako umebadilika, akili iko kwa mtoto."

"Akili yangu iko kwa mtoto na kwa farasi. Ya kwako iko wapi?"

Mgaya akanikanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Ndipo meneja akatangaza kwamba yatakuwepo maonyesho makubwa, wageni kutoka mbali, na kwamba Shangazi akigoma tena atauzwa. Mnunuzi alikwishapatikana, mfanyabiashara wa Makambako anayekodisha vitu vya harusi: viti, maturubai, magari yenye maua. Sasa alitaka farasi wa kumbeba bwana harusi.

Siku yangu ya mapumziko nilimfunga Faraja mgongoni nikaenda Makambako kuona huko anakopelekwa. Nilitaka kumkuta mtu mbaya. Nilimkuta mzee mmoja mpole, kanzu safi, aliyenikaribisha kiti, akaagiza chai ya tangawizi, akamshika Faraja kidole akamwita mchumba. Akanionyesha mahali alipoandaa: banda jipya, bati jipya, sakafu ya saruji, nyuma ya yadi, na ukuta wa yadi ndio umepakana na barabara kuu. Malori yalikuwa yanatoa breki za upepo pale, pshaa, pshaa, moja baada ya jingine. Hapakuwa na jani hata moja la kijani.

"Atakula majani gani, mzee wangu?"

"Tutanunua, binti yangu. Kila kitu kinanunuliwa."

Hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Mtu mbaya ungemchukia ukalala. Nilirudi nimeshika Faraja kifuani badala ya mgongoni, na usingizi ulinikimbia siku hizo. Akilini nilimwona Shangazi kwenye ile saruji, ameinamisha kichwa, anangoja kitu ambacho sikukijua.

Sasa sikilizeni vizuri hapa.

Siku chache kabla ya maonyesho nilikuwa narudi na Shangazi kutoka joshoni. Pembeni ya njia palikuwa na lori la viazi limepata hitilafu, na chini yake miguu miwili imechomoza, yenye kandambili. Fundi alikuwa amelala chali anafungua kitu. Shangazi akasimama mbele ya ile miguu. Nikasema "habari za kazi," lakini yule hakusikia, alikuwa anagonga nyundo. Nikabana miguu. Hakuna. Nikambana mpaka nikaona aibu. Masikio mbele, ametulia, vilevile kama kwa waamuzi.

Nyundo ikanyamaza. Kichwa cheusi kwa oili kikatokea. "Eh, samahani dada, sikukusikia. Kamwene."

"Kamwene. Pole na kazi."

"Ndiyo maisha. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Haya, asante dada."

Na Shangazi akaondoka. Sikumgusa. Miguu yangu ilikuwa inaning'inia tu.

Nilikaa juu yake nimekodoa macho mpaka nyumbani. Mama alikuwa amesimama mlangoni na Faraja mgongoni. Nikamwambia, "Mama, nitakusalimia. Usinijibu."

"Nisijibu salamu? Umerogwa?"

"Ni jaribio tu. Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu."

"Mama."

"Imenitoka. Rudia."

Ilimtoka tena na tena. Mwishowe aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge, macho yanamtoka kwa taabu, na Shangazi akasimama pale anamtazama, anangoja. Alipoachia kitenge akasema, "Kamwene, jamani, na nyumbani, na kazi, haya asante, nendeni zenu," jike akageuka kwenda bandani peke yake.

Mama akasema, "Huyu mnamwita mkaidi? Huyu ana adabu kuliko meneja wenu."

Miaka yote tulimsimamisha kwa kila mtu, tukamwachia pale tu mtu aliye chini anapomaliza salamu. Barabarani hatukuona, kwa sababu barabarani kwetu hakuna asiyejibu. Uwanjani wakati wa mazoezi hapakuwa na mtu aliyesimama. Ni waamuzi tu waliokuja kusimama mbele yake wakaangalia karatasi zao.

Nilimweleza Mgaya. Alikaa kwenye ndoo. "Kwa hiyo mimi ndiye nimemharibu."

"Umemlea, kaka."

Nilimweleza meneja. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwomba awaambie tu waamuzi wajibu. "Niwaambie nini? Waheshimiwa, farasi wetu anadai salamu? Kapande farasi, mama Faraja. Ukishindwa, Jumatatu lori linakuja."

Kumfundisha upya kwa siku zile chache haikuwezekana. Nilijaribu kumpeleka mbele ya watu niliowaomba wanyamaze, lakini nani kwetu anaweza kunyamaza? Wote walijibu. Mmoja alijibu kisha akaomba msamaha, na kule kuomba msamaha nako Shangazi alikusikiliza mpaka mwisho.

Siku ya maonyesho ukungu uliondoka mapema. Watu wa kijiji walijaa kwenye uzio, mama yangu mbele na Faraja, na pembeni yao yule mzee wa Makambako, kanzu yake nyeupe, amekuja kuiona mali yake. Mikono yangu ilikuwa na baridi mpaka nikashindwa kufunga kifungo cha shingo, Mgaya akanifungia. "Ukiogopa, ogopa na mgongo ulionyooka," akasema. Hiyo ndiyo faraja aliyokuwa nayo.

Nikaingia. Sheria inasema mpandaji ainamishe kichwa kwa mwamuzi mkuu kabla ya kuanza. Nikainamisha. Mwamuzi, mama mmoja wa makamo mwenye kofia pana, akainamisha kichwa, akaandika. Shangazi akasimama.

Nikangoja kidogo. Nikasema, "Kamwene."

Mama yule akanitazama, akatazama karatasi. Kuongea na farasi mle kunapunguza alama. Kuongea na mwamuzi nadhani hakuna aliyewahi kuwaza. Nilimwona meneja amefunika uso. Maziwa yalianza kunitoka, kwa sababu Faraja alikuwa analia kule uzioni, na nilihisi blauzi inalowa mbele ya watu wote. Nikawaza lile banda la saruji. Nikawaza pshaa, pshaa.

"Kamwene, mwanangu," sauti ya mama ikatoka uzioni. "Habari za huko juu?"

Watu wakacheka. Mimi nikajibu, "Huku juu salama, mama. Nyumbani?"

"Mtoto ana njaa, mengine mazuri. Haya, asante, nenda."

Shangazi akaenda.

Kwenye mapipa, mwamuzi mwingine na karatasi. Shangazi akasimama. "Kamwene," nikasema, na uzio mzima ukaitikia, wanawake, wazee, waendesha bodaboda, mpaka mbwa akabweka. "Haya, asante!" Tukazunguka mapipa. Kwenye daraja hivyo hivyo. Kwenye geti alisimama binti mmoja msaidizi, mgeni kabisa, kalamu imemganda mkononi. Sikumsubiri mama. Nilimtazama machoni nikamsalimu. Akageuka kumtazama bosi wake, akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Nzuri dada. Poleni na baridi. Haya, pita." Nikainama, nikashika kamba, tukafungua, tukapita, tukafunga, na mkono wangu haukutoka kwenye geti.

Kwa ng'ombe hapakuwa na mtu wa kusalimiwa. Pale alikwenda shoti, akamtenga ndama mwekundu kama anavyotenga kila siku.

Hatukupata hata cheti. Sauti ilitukata alama kila mahali. Meneja alinipita akielekea kwa yule mzee, tayari ametoa mkono wa biashara. Nilishuka nikasimama nimeshika hatamu za Shangazi, na wao wakaja. Mzee akasogea mpaka mbele ya pua ya farasi.

"Asalaam aleikum," akamwambia, polepole.

"Waaleikum salaam," nikajibu mimi, kwa niaba yake.

Mzee akanyamaza makusudi. Nikajaribu kumsogeza Shangazi. Hakusogea. Mzee akangoja, akaangalia masikio yale, kisha akasema, "Haya, asante," na Shangazi akapiga hatua nusura amkanyage kiatu.

Yule mzee alicheka akapangusa macho kwa kanzu. "Meneja, nimpandishe bwana harusi juu ya huyu, barabara kuu ya Makambako, siku ya soko? Atafika kwa mkewe amezeeka. Hapana bwana. Huyu mstaarabu mno kwa biashara yangu." Akampa Faraja pipi kupitia kwa mama, akaondoka.

Lori la Jumatatu halikuja. Meneja hakusema samahani na mimi sikuingoja, maana si mimi niliyefunzwa kungoja.

Baada ya hapo nilifanya kazi mpaka nyonga iliponivunjikia. Watu wanasema niliangushwa na farasi. Acheni huo uongo. Miaka yote niliogopa kuanguka kutoka juu, na nilikuja kuanguka nikiwa kwa miguu yangu, asubuhi ya umande ulioganda, nimebeba ndoo ya pumba. Daktari amesema kupanda farasi ndiyo basi tena. Sawa.

Sasa turudi kwenye ule mjeledi. Juzi nilipotoka na mabuti, Devota, ulikuwa unatoka na Shangazi getini. Ulikuwa unanipita bila kuniona, kwa sababu ulikuwa unatazama simu. Yeye aliniona. Akasimama. Ukampiga kwa visigino, ukampiga tena, ukasema "huyu mzee amechoka." Hukujua anamngoja nani. Faraja akaniambia, "Mama, msalimie."

Sikumsalimia haraka. Nilijua nikimaliza ataondoka, na kule mnakokwenda siwezi tena kufika. Nilimtazama masikio yale, nilimtazama mvi za kwenye pua, na nikawachelewesha wote wawili kwa makusudi. Kisha nikasema kamwene, nikauliza habari za banda, za kwato, za baridi, zote, mpaka zikaisha.

Haya, nikamwambia. Asante.

Akaenda.